Chupa Tatu za Mafuta Mekundu

Saa sita na robo mchana, katikati ya makutano yenye kelele kuliko yote mjini, gari jeupe lenye umri wa miaka ishirini na sita liliruka kama limepigwa kofi la kisogo, na keki ya ghorofa tatu iliyokuwa nyuma ikalala chali. Hakuna aliyeumia. Lakini kwa mwenye keki ule ulikuwa msiba, tena wa pili ndani ya mwezi mmoja.

Mwenyewe walimwita Gramu. Jina hilo lilizaliwa jikoni, kwa sababu hakuwahi kutia kitu kwenye bakuli bila kukipima, hata chumvi ya mayai yake mwenyewe. Siku hiyo alivaa gauni la rangi ya maziwa na kitambaa cha samawati kichwani, na alikuwa amependeza kweli, ila nani wa kumtazama wakati magari thelathini yanampigia honi? Alifungua mlango wa nyuma akaona waridi za sukari zimebandikana kwenye kioo. Akashika kiuno. Machozi yalimlengalenga, akayakataza yasishuke mbele za watu.

"Dada, samahani," sauti ikasema kando yake. "Likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili ndipo linakurusha, sivyo?"

Aligeuka. Mwanaume mrefu, ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, kwapani amebana kifurushi cha chakula chake cha mchana. Uso mtulivu, macho ya kucheka.

"Wewe umejuaje?"

"Nimelisikia kutoka ng'ambo kule. Mimi ni fundi wa giaboksi za otomatiki."

"Umechelewa. Mafundi watatu wameshaniambia giaboksi imekufa, ninunue nyingine."

"Iliyokufa haina nguvu za kukupiga hivyo," alisema. "Twende gereji, ni mtaa wa pili. Nitakushikia hiyo keki iliyobaki."

Gramu hakutaka kucheka. Alicheka. Wakaenda, yeye kwenye usukani, fundi kiti cha pembeni amepakata ghorofa ya juu ya keki kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga, na ovaroli yake ikajaa krimu mpaka kifuani.

Gerejini walimwita Polepole. Wenzake walikuwa wakianza kazi na spana. Yeye alianza na maswali. Gari linaruka likiwa baridi au likishapata moto? Tambarare au mlimani? Ukikanyaga kidogo au ukikanyaga sana? Alimhoji Gramu karibu nusu saa, ameketi juu ya tairi kuukuu, na Gramu akajikuta anajibu mpaka asiyoulizwa. Wale mafundi watatu hawakuwahi kumuuliza hata swali moja.

Kisha akaingia chini ya gari. Alipotoka alikuwa na kipande cha mpira mweusi, urefu wa kidole, kimepasuka ubavuni.

"Ugonjwa wako ndio huu. Mpira huu unaipelekea giaboksi mvuto wa pumzi ya injini. Kwa pumzi hiyo inajua umekanyaga kiasi gani. Ukipasuka, inadhani siku zote umekanyaga mpaka chini, basi inabadilisha gia kwa ukali."

"Yaani inanidhania nina hasira."

"Inakudhania unakimbizwa."

Aliweka mpira mpya, akamwaga mafuta ya zamani yaliyokuwa meusi kama kahawa iliyoungua, akatia mengine mekundu yanayong'aa. Halafu akamwambia Gramu ajaze maji kwenye glasi, aiweke juu ya dashibodi, waende wakazunguke. Wakapanda kilima, wakashuka, wakasimama kwenye taa, wakaondoka. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna tone lililomwagika.

"Sijawahi kuona mtu anashangilia giaboksi," Polepole alisema.

"Sishangilii giaboksi."

Aliposikia maneno yake mwenyewe aliona haya, akageuza uso dirishani. Polepole naye akajifanya anasikiliza injini, lakini masikio yalikuwa yamemwiva.

Basi yakaanza mambo ya simu. Saa kumi na mbili jioni haikupita bila simu ya Gramu kulia, na shangazi yake, aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi na ambaye sasa walioka pamoja, alikuwa akipunguza sauti ya redio makusudi ili asikie vizuri.

"Umekula, Gramu wangu?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula, ila sijashiba. Sauti yako ndiyo mboga yenyewe."

"Maneno hayo unawaambia wangapi?"

"Wewe na giaboksi moja ya teksi. Ile hainijibu."

"Mwambie anunue sabuni," shangazi akasema kwa sauti kutoka jikoni. "Jana ameniachia vidole vya grisi kwenye mlango."

Siku zilikwenda hivyo, tamu. Wiki ya tatu, walipokuwa wakinywa chai kwenye benchi nje ya gereji, Polepole akamwambia jambo lililokuwa moyoni mwake. Mzee mwenye gereji magoti yalikuwa yamemchoka. Ijumaa ya mwisho wa mwezi angemkabidhi mmoja wao sehemu yote ya giaboksi, na kipimo chake kilikuwa kimoja tu: gari likitoka mikononi mwako lisirudi.

"Miaka tisa nimekuwa chini ya mtu," alisema, akizungusha kikombe. "Nikipata nafasi hiyo, nitaweza kwenda kwa shangazi ya mtu fulani nikiwa na la kusema."

"Mtu gani huyo?"

"Anapima hata chumvi."

Gramu alirudi nyumbani. Alimpenda mtu yule, alimpenda waziwazi wala hakujidanganya, na alitaka apate nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote chake mwenyewe.

Na hapo ndipo alipoharibu.

Marehemu baba yake alikuwa amemfundisha kwamba mafuta ya gari hupimwa asubuhi, kabla hujawasha injini. Jumapili alifungua boneti, akachomoa kijiti cha giaboksi, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Mafuta yalikuwa yamepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili. Akapima mara ya pili. Vilevile. Na Polepole mwenyewe alikwisha kumweleza kwamba mafuta yakizidi hutoa povu ndani ya giaboksi, na povu haliwezi kusukuma gia.

Kwa hiyo amekosea, Gramu aliwaza. Mapenzi yana wiki tatu. Nimpigie nimwambie, wewe uliyesifiwa, hujui kujaza mafuta? Mwanaume anayesubiri kupewa sehemu yake? Aliona huruma. Akachukua bomba la sindano analotumia kutia sharubati ndani ya keki, akaliunganisha na mrija mwembamba, akaupitisha kwenye tundu la kijiti na kunyonya kidogo kidogo mpaka mafuta yakashuka kwenye alama. Aliyoyatoa akayatia kwenye chupa ya jemu, akabandika karatasi yenye tarehe na kipimo, kwa sababu Gramu hatupi kitu kabla hajakiandika. Alijiona amefanya jambo jema, kama mke anayemtoa mumewe uzi begani kabla hajaenda mbele za watu.

Jumatano gari lilimgomea mlimani. Injini ilinguruma, sindano ya kasi ya injini ikapanda, na gari likabaki palepale. Polepole akaja mbio, akapima.

"Mafuta yamepungua. Yamekwenda wapi?"

Gramu akainama naye kutazama kijiti. Yeye alikuwa ameyaacha kwenye alama kamili, ana hakika. Basi lazima kuna mahali yanavuja. "Sijui, mpenzi."

Polepole alijaza. Akatandika boksi chini ya gari usiku kucha. Asubuhi boksi lilikuwa kavu, na Gramu alipopima kijiti, mafuta yalikuwa yamezidi tena vidole viwili. Maskini, amezidisha kwa wasiwasi, akajisemea, na bomba la sindano likafanya kazi yake. Chupa ya pili. Jumamosi gari likagoma tena, Polepole akajaza tena, na Gramu akatoa chupa ya tatu.

Mara ya tatu, Jumatano iliyofuata, gari liliburutwa kwa kamba mpaka gerejini, saa nne asubuhi, mafundi wote wapo na mzee mwenye gereji amesimama mlangoni na fimbo yake. Mmoja wao akasema gari la mchumba limeamua kuhamia kabisa, walipangishie chumba. Watu wakacheka. Polepole hakucheka. Alifungua kifaa kidogo kinachopokea ule mpira wa pumzi, kwa sababu kikitoboka ndani injini hunyonya mafuta ya giaboksi na kuyachoma. Kilikuwa kikavu. Akatazama moshi wa bomba la nyuma. Haukuwa na rangi. Akapapasa kila kiungo kwa kitambaa cheupe na kitambaa kikarudi cheupe.

"Mafuta hayapai," alimwambia Gramu taratibu. "Kuna mtu anayegusa gari hili?"

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya kusema. Alimtazama usoni, akaona amekonda, na mbele ya watu wale ulimi ukawa mzito.

"Nani aguse?" alisema.

Polepole akajaza mafuta mara ya tatu, akaandika kipimo kwenye daftari lake la mfukoni kama kila mara, akafunga boneti. Jioni simu ikalia saa ileile. Safari hii hakuuliza kama amekula.

"Gramu, usinipigie kwanza. Nipe siku chache."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ijumaa ni keshokutwa na mzee ameshaanza kumtazama mwingine. Hilo naweza kulibeba. Lakini siwezi kukutazama usoni wakati gari lako limenishinda. Fundi gani mimi?"

Simu ikakatwa. Gramu akalia kilio cha kwikwi, kichwa juu ya meza yenye unga, na shangazi akaja kumfuta pua kwa pindo la aproni.

"Sasa kaa na siri yako hiyo, itakupa nini?" shangazi alisema, kwa kuwa chupa alikwisha kuziona kabatini zamani. "Mwambie."

"Nimwambie hajui kujaza mafuta? Sasa hivi, alivyo hivyo? Na leo amezidisha tena, nimepima."

"Umepima wewe, fundi wa keki. Mpelekee fundi mwingine apime, ndipo ujue unachomwambia."

Alhamisi asubuhi Gramu alivuka mji mzima kwenda kwa mama mmoja fundi wa teksi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Mama fundi hakuzima injini. Aliiacha ikinguruma, akakanyaga breki, akapitisha gia zote moja baada ya nyingine, akarudisha kwenye P ya kuegeshea, ndipo akachomoa kijiti.

"Yako sawasawa, mwanangu. Kwenye alama kabisa. Aliyejaza anajua kazi yake."

"Haiwezekani, mama. Leo asubuhi yalikuwa yamezidi vidole viwili."

Mama fundi akashusha miwani. "Ulipima injini imezimwa?"

"Ndiyo. Baba alinifundisha."

"Baba alikufundisha ya injini. Ya giaboksi ya gari hili ni kinyume. Injini ikiwaka, pampu inayapandisha mafuta yanaingia kila mahali. Ukizima yanashuka chini yote, kijiti kinakuonyesha mengi. Hayajazidi hata tone." Akamtazama vizuri. "Mbona umebadilika rangi? Uliyatoa?"

"Mara tatu."

"Na fundi wako hajui?"

Gramu alitikisa kichwa.

"Basi mwanangu, gari halivuji. Unayevuja ni wewe."

Gramu akakaa kwenye ngazi ya duka la jirani. Aibu ilimjaa mpaka masikioni. Siku zote hizo mtu amelala chini ya gari juu ya maboksi, anatafuta kosa ambalo si lake, anachekwa, na yeye kasimama pembeni anamuonea huruma.

Ijumaa saa tano mafundi walikuwa wamekusanyika, mikono imeoshwa, mzee mwenye gereji ameketi kwenye kiti cha ofisini kilichotolewa nje. Polepole alisimama nyuma ya wote. Mzee alikuwa ameshafungua kinywa gari jeupe lilipoingia uani, tena bila kukwama. Gramu alishuka na aproni yake ya kazini, unga kwenye mkono, boksi la keki kifuani.

"Samahani, mzee wangu. Naomba dakika tano kabla hujasema."

"Umetuletea keki?"

"Nimeleta mafuta."

Alifungua boksi. Chupa tatu za jemu, mafuta mekundu ndani yake, karatasi juu ya kila moja. Alisema yote: alivyopima injini imezimwa, alivyodhani fundi amekosea, alivyonyonya kwa bomba la keki, alivyoulizwa mbele yao akasema nani aguse. "Gari hili halijawahi kurudi kwa kosa la fundi," alimaliza. "Lilirudi kwa ujinga wangu. Alilitengeneza siku ya kwanza likapona."

Mzee akanyoosha mkono, Polepole akampa daftari la mfukoni. Mzee akasoma chupa, akasoma daftari, midomo ikimcheza. Mia saba. Mia saba na hamsini. Mia nane. Huku na huku tarakimu zilikuwa zilezile, mililita kwa mililita.

"Miaka arobaini kwenye kazi hii," mzee alisema, "sijawahi kuona mafuta yaliyopotea yakarudi na karatasi zake." Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, na gereji nzima ikacheka naye, hata yule wa mzaha wa kupangishiwa chumba.

Polepole hakuwa akicheka. Alimvuta Gramu kando, nyuma ya lundo la milango ya magari.

"Nilikuuliza, ukanijibu nani aguse."

"Nilidhani nakusitiri."

"Umenisitiri mpaka nikawa uchi mbele ya watu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kusema mbele ya watu haohao. Nikasirikie, unayo haki. Lakini usiseme tena kwamba wewe si fundi."

Alimtazama muda mrefu. Aproni, unga, macho yaliyovimba. Aligusa ule unga mkononi mwake kwa kidole kimoja, akaondoka kurudi kwa wenzake. Gramu hakujua kama amesamehewa au ameagwa.

Mzee naye hakutoa jibu siku hiyo. "Karatasi nimeziona," alisema. "Kesho una keki ya kupeleka?"

"Ghorofa tano, mzee. Harusi, ukumbi wa juu mlimani."

"Nitapanda nawe."

Jumamosi asubuhi keki ilisimama nyuma ya gari jeupe, ndefu kama mtoto wa miaka mitatu, ukili wa sukari umeizunguka kila ghorofa. Mzee aliketi nyuma kando yake, fimbo katikati ya magoti. Shangazi alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Gramu alikuwa akifunga mkanda mlango wa pembeni ulipofunguliwa, akaingia mtu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, ananukia sabuni.

"Endesha," Polepole alisema.

Aliwasha. Akaondoka. Kwenye mtaa wa kwanza kulikuwa na matuta manne, yakapita. Kwenye makutano taa ziliwaka nyekundu, kisha kijani, akakanyaga taratibu na pumzi ameibana. Barabara ya mlimani ilikuwa na kona saba na lori la mchanga mbele yao lililojikokota na kusimama kila baada ya mita kumi. Simama, ondoka, simama, ondoka. Nyuma kulikuwa kimya.

"Mbona haibadilishi gia?" mzee aliuliza.

"Imeshabadilisha mara sita, mzee wangu," Polepole alijibu.

Mzee akatazama keki. Hakuna hata ua moja lililosogea. Hakusema tena mpaka walipofika uani kwa ukumbi na watu wa harusi wakatoka kupokea keki, wakipaza sauti kwa uzuri wake, simu zote juu. Ndipo akashuka, akanyoosha magoti yake, akampa Polepole mkono.

"Sehemu ya giaboksi ni yako. Jumatatu ubandike jina lako mlangoni." Kisha akamgeukia Gramu. "Na wewe, binti, kijiti kile usikiguse."

Gramu alipiga makofi kama mtoto, akasahau kwamba bibi harusi hakuwa yeye. Mzee akaenda zake kutafuta kivuli na soda.

Wakabaki wawili kando ya gari, boneti bado lina joto.

"Bado umenikasirikia?" Gramu aliuliza.

"Nilikasirika jana mpaka saa nane. Baadaye nikakumbuka kwamba ulisimama pale na aproni." Alimshika mkono, safari hii wote. "Nina sharti moja. Ukiona nimekosea, niambie. Usinionee huruma. Niambie hata nikiwa nimesimama mbele ya mji mzima."

"Na mimi nikikosea?"

"Nitakwambia tukiwa wawili."

"Hapo utakuwa umenipendelea."

"Nimekusudia. Gramu, Jumapili ijayo nataka kuja kwa shangazi yako na wazee wangu, kuposa. Unakubali?"

Hakufikiri, wala hakupima. "Nimekubali. Tena naanza leo: hilo shati umefunga vifungo upande."

Polepole akainamisha kichwa kutazama. Kweli. Tangu nyumbani kwake, mbele ya shangazi, mbele ya mzee, mbele ya harusi nzima, ncha moja ya shati ilikuwa juu na nyingine chini. Akamtazama Gramu, Gramu akamtazama, na wakacheka mpaka wakashikilia gari. Kisha akasimama wima, mikono pembeni, akamwachia yeye amfungue na kumfunga upya, kifungo kimoja baada ya kingine, pale pale mchana kweupe.